Namna ya Kugawa Nguvu Katika Mbio za Milimani: Mwongozo Unaofuata Njia ya Sierre-Zinal

Mtu aliyezoea kukimbia barabarani huijua kasi yake kwa kilomita. Akiona dakika 5 kwenye saa anajua yuko sawa, na akiona dakika 4 na sekunde 30 anajua kwamba amejiharakisha. Mlimani kipimo hicho hakimfai, kwa sababu kilomita moja yaweza kuchukua dakika 5 na inayofuata ikachukua dakika 15, ilhali juhudi ya mwili ni ileile. Mwongozo huu unaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kupanga mwendo kabla ya mbio na jinsi ya kuutunza siku yenyewe. Ili maelezo yasibaki hewani, yatafuata njia moja halisi, yaani ile ya Sierre-Zinal katika milima ya Alps nchini Uswisi, ambayo imekuwa ikikimbiwa tangu mwaka 1974.

Njia hiyo si ngeni kwa wanariadha wa kwetu. Lucy Wambui Murigi wa Kenya, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 na 2018, ameshinda huko zaidi ya mara moja, na wakimbiaji wa Afrika Mashariki wamekuwa miongoni mwa wanaoogopwa zaidi kila mwezi Agosti mbio hizo zinapofanyika. Hata hivyo, sababu kuu ya kuichagua ni umbo lake. Ina urefu wa kilomita 31, na ndani yake mna takribani mita 2,200 za kupanda na mita 1,100 za kushuka, lakini sehemu kubwa ya upandaji huo imewekwa mwanzoni kabisa, wakati mwili bado una nguvu na akili bado ina pupa. Anayejua kujizuia katika njia hii ataweza kujizuia katika mlima mwingine wowote.

Hatua ya 1: Isome njia kwa mwinuko wake

Kabla ya kuweka lengo lolote, tafuta mchoro wa mwinuko wa njia utakayokimbia, kisha uigawe katika vipande kulingana na kazi ambayo kila kipande kinaidai kwa mwili. Idadi ya kilomita iwe jambo la pili. Sierre-Zinal hugawanyika katika vipande vinne vilivyo wazi.

Kipande cha kwanza huanzia kwenye bonde la mto Rhône, chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na kupanda msituni hadi Ponchette, mahali palipo kwenye mita 1,870. Hapa mkimbiaji hupanda takribani mita 1,300 bila mapumziko ya maana. Kipande cha pili ni kutoka Ponchette hadi kijiji cha Chandolin, karibu mita 2,000, ambako mwinuko hulegea sana na miguu huombwa kukimbia tena. Kutoka mahali pa kuanzia hadi Chandolin ni takribani kilomita 12. Kipande cha tatu ni njia ndefu ya ubavuni mwa mlima, inayopanda na kushuka kwa mawimbi kupitia Tignousa na Hoteli ya Weisshorn, iliyo kwenye mita 2,337, hadi Nava, ambapo njia hufikia kilele chake cha mita 2,425. Kipande cha nne ni mteremko wa kwenda Zinal, kijiji kilicho kwenye mita 1,680; huanza kwa upole, kisha baada ya malisho ya Barneuza huwa mkali sana hadi karibu na mstari wa kumalizia.

Ukishavitenga vipande hivyo, jiulize swali moja kwa kila kimoja: ni kiungo gani kitakachochoka kwanza? Katika kipande cha kwanza ni mapafu na vigimbi. Katika cha tatu ni akiba ya wanga mwilini, na katika cha nne ni misuli ya mbele ya mapaja. Kugawa nguvu mlimani ni kuhakikisha kwamba kila kiungo kinafika kwenye kipande chake kikiwa hakijamalizwa na vipande vilivyotangulia.

Soma pia kimo chenyewe. Hukadiriwa kwamba uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa takribani asilimia 1 kwa kila mita 100 juu ya mita 1,500, hivyo kule Nava mtu aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam atakuwa na upungufu wa kama asilimia 9. Anayeishi Iten, mji ulio kwenye mita 2,400 hivi, atakuwa kwenye kimo cha nyumbani kwake. Wawili hao wakiwa na uwezo sawa pwani, hawapaswi kuandika mpango mmoja.

Hatua ya 2: Pima uwezo wako wa kupanda

Kipimo kinachofaa katika mpando mrefu ni mita za kwenda juu kwa saa moja. Ili kukipata, tafuta mpando usiokatika wa zaidi ya dakika 30. Wakenya wanao ukingo wa Bonde la Ufa, ikiwemo barabara maarufu ya Fluorspar inayopanda takribani mita 1,500 katika kilomita 21, pamoja na vilima vya Ngong ambavyo kilele chake ni mita 2,460, karibu sawa na Nava. Watanzania wanazo njia za Uluguru juu ya mji wa Morogoro na zile za Usambara kuzunguka Lushoto. Chagua mahali penye mwinuko unaofanana na ule wa mbio zako, kwa sababu mita 800 kwa saa katika barabara ya mserereko mdogo na mita 800 kwa saa katika kijia kikali chenye mizizi ni kazi mbili tofauti.

Pasha mwili moto kwa dakika 15, kisha panda kwa dakika 30 kwa bidii kubwa kadiri uwezavyo kuishika sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Soma ni mita ngapi umepanda na uzidishe kwa mbili. Aliyepanda mita 430 katika nusu saa ana uwezo wa mita 860 kwa saa. Hicho ndicho kikomo chake cha muda mfupi, na asidhani kwamba ndicho kiwango cha kukimbilia. Kwa mbio zitakazomchukua saa 4 au 5, naona inafaa mpando wa kwanza uendeshwe kwa asilimia 80 hivi ya kikomo hicho, yaani takribani mita 700 kwa saa kwa mtu wa mfano wetu. Wengi huona kiwango hicho ni kidogo mno wanapokiandika kwenye karatasi, lakini kikokotoo hakidanganyi: anayetumia asilimia 95 katika saa mbili za mwanzo hatakuwa na chochote cha kutumia katika saa tatu zinazobaki.

Kuhusu vifaa, saa yenye barometa husoma mwinuko vizuri zaidi kuliko ile inayotegemea setilaiti peke yake, na kasi ya papo kwa papo inayoonyeshwa chini ya miti mirefu haifai kuaminiwa. Mapigo ya moyo yanasaidia, ila huchelewa kupanda juhudi inapoongezeka, na baada ya saa kadhaa za joto hupanda yenyewe hata kama juhudi haijabadilika. Kwa hiyo ujifunze pia kipimo kisichohitaji betri, nacho ni pumzi. Ukiweza kusema sentensi nzima, uko katika mwendo wa siku nzima. Ukiweza kusema maneno matano au sita kisha ukalazimika kuvuta hewa, uko katika mwendo wa saa mbili au tatu. Ukiweza kusema neno moja tu, umeanza kukopa, na deni hilo hulipwa siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Andika saa zako kwa vituo vichache

Mpango wa kila kilomita hauna faida mlimani. Chagua vituo vitatu au vinne vinavyotambulika na uandike saa unayotaka kufika katika kila kimoja. Tuchukue mkimbiaji wetu wa mita 700 kwa saa, anayelenga kumaliza Sierre-Zinal kwa saa 5. Mita 1,300 za kwanza zitamfikisha Ponchette baada ya saa 1 na dakika 50 hivi. Kutoka hapo hadi Chandolin, ambapo mwinuko ni mdogo, ajipe dakika 40, na hivyo atakuwa Chandolin kwa saa 2 na nusu. Nusu kamili ya muda wake itakuwa imekwisha, ingawa zaidi ya nusu ya kilomita, takribani 19, bado zinamsubiri. Saa 2 na nusu zilizobaki kwa kilomita 19 ni wastani wa karibu dakika 8 kwa kilomita, mwendo ambao mtu aliyehifadhi miguu yake anaumudu, na ambao aliyeitumia yote msituni hataumudu kamwe.

Ndiyo maana takwimu za wastani hupotosha. Mwaka 2019 Kilian Jornet wa Hispania alimaliza njia hii kwa saa 2, dakika 25 na sekunde 35, akivunja rekodi ambayo Jonathan Wyatt wa New Zealand aliiweka mwaka 2003, na siku hiyohiyo Maude Mathys wa Uswisi akaweka rekodi ya wanawake ya saa 2, dakika 49 na sekunde 20. Wastani wa Jornet ni kama dakika 4 na sekunde 42 kwa kilomita, na mkimbiaji wa barabarani anayezoea dakika 3 na nusu aweza kudhani kwamba hiyo ni kasi ya mazoezi mepesi. Ukweli ni kwamba wastani huo umechanganya kupanda kwa mwendo wa polepole sana na kukimbia kwa kasi kubwa ajabu baadaye, na pengine hakuna kilomita hata moja iliyokimbiwa kwa kasi hiyo hasa.

Andika saa hizo kwenye karatasi ndogo ya kufunga kwenye mkono, na kando ya kila kituo uandike muda wa mapema kabisa unaojiruhusu kufika. Mtu wa mfano wetu asikanyage Ponchette kabla ya saa 1 na dakika 45. Akifika mapema zaidi ya hapo, ajue amekosea hesabu, hata kama anajisikia vizuri.

Hatua ya 4: Yafunze mapaja kushuka, wiki kadhaa kabla

Kushuka huumiza misuli kwa namna ya pekee. Kila unapotua, misuli ya mbele ya paja hurefuka huku ikibeba uzito wako ili goti lisikunjike, na kazi hiyo huchana nyuzi ndogondogo za misuli. Mtu asiyezoea hutetemeka magoti baada ya nusu saa tu, na maumivu yake hufikia kilele siku moja au mbili baadaye. Habari njema ni kwamba misuli hujifunza upesi: mazoezi machache ya kushuka kwa kasi ya wastani huipa kinga inayodumu kwa wiki kadhaa.

Anza angalau wiki sita kabla ya mbio, kwa mteremko wa mita 200 au 300 tu, ukiongeza kidogo kidogo. Mazoezi makubwa ya mwisho ya kushuka yawe wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe, si wiki ileile. Huku kwetu mtu hupanda Fluorspar bila kuishuka kwa miguu. Mazoezi hayo ni mazuri kwa mapafu, lakini anayejiandaa kwa mbio zinazoishia kwenye mteremko inampasa kushuka kwa miguu yake mwenyewe, na tena kwenye kijia chenye mawe na mizizi.

Hatua ya 5: Ishinde nusu saa ya kwanza

Hapa ndipo mbio nyingi zinapoharibika, na kwa hiyo hatua hii inastahili maneno mengi kuliko nyingine.

Njia huanza kwenye barabara pana, watu wakiwa wengi, kisha hubana ghafla inapoingia msituni. Kila mtu anajua kwamba kijia kitakuwa chembamba, na kila mtu anataka kuingia mbele ya mwenzake, hivyo kundi zima hutimka. Mkimbiaji hujikuta anakwenda kwa kasi ya mbio za kilomita 5, na kabla pumzi haijatulia mwinuko mkali unamkabili. Damu inajaa asidi, vigimbi vinakaza, na badala ya kupumzika analazimika kupanda mita 1,300. Hakuna dawa ya haraka ya hali hiyo, kwani mwili hauwezi kujisafisha vizuri wakati ungali unapanda kwa bidii kubwa.

Kinga yake ni kuamua siku iliyotangulia utasimama wapi kwenye kundi. Simama miongoni mwa watu wanaolenga muda wako. Anayesimama mbele mno atasukumwa, na anayesimama nyuma mno atakwama nyuma ya watembeao kisha atapoteza nguvu nyingi kwa kuwapita mmojammoja kwa mikurupuko. Baruti ikilia, kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima. Utapitwa na watu wengi, wakiwemo wengine ambao kwa macho tu utaona kwamba hawana maandalizi kama yako. Waache wapite. Katika nusu saa ya kwanza usimjibu mtu yeyote.

Ukiingia msituni, fupisha hatua na uache mwendo ushuke wenyewe. Jaribu kuvuta pumzi kwa mpangilio usiobadilika, kwa mfano hatua mbili za kuvuta na mbili za kutoa. Mpangilio ukivunjika, punguza mwendo hadi urudi. Baada ya kila dakika 10 tazama mwinuko mara moja tu. Mkimbiaji wetu wa mita 700 kwa saa anatarajia kuona ongezeko la mita 115 hadi 120. Akiona 140, apunguze papo hapo bila kubishana na nafsi yake. Akiona 100, asishtuke wala asijaribu kufidia, maana mwinuko haulingani kila mahali na hasara ya dakika 2 msituni hulipika kwa urahisi baadaye.

Yule aliye mbele yako kwenye kijia chembamba akienda polepole kidogo, mfuate kwa subira hadi njia ipanuke. Mkurupuko wa sekunde 20 kwenye mwinuko mkali hugharimu kuliko dakika nzima ya kusubiri. Akiwa polepole kupita kiasi, omba njia kwa adabu, mpite kwa juhudi ndogo kadiri inavyowezekana, kisha rudi mara moja kwenye mwendo wako.

Hatua ya 6: Tembea kwa mpango

Wakimbiaji wengi wa kwetu huona haya kutembea katika mashindano. Haya hiyo haina msingi mlimani. Katika miinuko mikali, hasa inayozidi nyuzi 15, kutembea hutumia nguvu kidogo kuliko kukimbia kwa kasi ileile ya kwenda juu, na hata washindi wa mbio hizi huonekana wakitembea mikono ikisukuma magoti.

Jambo la muhimu ni nini kinachoamua. Utembee kwa sababu mwinuko umefikia kiwango ulichojiwekea, na si kwa sababu umechoka. Mtu anayesubiri uchovu hutembea akiwa amekwisha kutweta, na kutembea kwake huwa ni kujiburuta. Anayetembea kwa mpango huinama kidogo kutoka kiunoni, huweka viganja juu ya magoti, huvuta hatua fupi za haraka, na hapotezi mita za kwenda juu. Kanuni rahisi ni hii: visigino vikishindwa kugusa ardhi unapokimbia, au pumzi ikivunja mpangilio kwa zaidi ya hatua 20, badilisha. Mwinuko ukilegea, hesabu hatua 10 za mwisho za kutembea kisha anza mchakamchaka, hata kama mwili unaomba kuendelea kutembea. Kati ya Ponchette na Chandolin ndipo tabia hii inapolipa, kwa kuwa wengi waliotembea kwa uchovu huendelea kutembea huko ilhali njia inakimbilika.

Hatua ya 7: Kula mapema, kunywa kwa kiasi

Akiba ya wanga katika misuli na ini hutosha takribani saa moja na nusu hadi mbili za juhudi kubwa. Mbio za saa 5 haziwezi kuendeshwa kwa akiba hiyo peke yake. Lenga gramu 40 hadi 60 za wanga kwa saa, ukianza dakika 20 au 30 baada ya kuondoka, kabla njaa haijabisha. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama gramu 25. Tende na jeli za wakimbiaji hubebeka vizuri zaidi mfukoni. Chochote utakachochagua, kiwe umekwisha kukila mara nyingi mazoezini ukiwa unakimbia.

Wakati wa kula una uzito sawa na kiasi. Katika mwinuko mkali damu nyingi huenda miguuni na tumbo hubaki na kidogo, hivyo chakula hukaa kikileta kichefuchefu. Meza tonge dogo katika kila ulegevu wa njia. Chandolin ni mahali pazuri pa kula kwa utulivu, kwa kuwa njia inayofuata inaruhusu tumbo kufanya kazi. Maji yawe nusu lita hivi kwa saa, na zaidi kidogo jua likiwa kali. Bonde la Rhône huwa na joto mwezi Agosti, na ukishatoka msituni hakuna kivuli cha kutegemea. Anayekunywa kupita kiu yake kwa saa nyingi bila chumvi yoyote anajihatarisha vilevile, maana sodiamu ya damu ikishuka mno mtu huchanganyikiwa na aweza kupoteza fahamu.

Hatua ya 8: Tumia nguvu kati ya Chandolin na Nava

Ulichokuwa unakihifadhi, ulikihifadhi kwa ajili ya hapa. Kwa takribani kilomita 10 njia huenda ubavuni mwa mlima, ikipanda kutoka karibu mita 2,000 hadi mita 2,425, na upande wa mbele vilele vya zaidi ya mita 4,000, kama Weisshorn na Dent Blanche, vinaonekana siku ikiwa angavu. Mwenye miguu huweza kukimbia karibu yote. Asiye na miguu hutembea kila kijimwinuko, na kila kijimwinuko humgharimu dakika moja au mbili ambazo hakuzihesabu.

Dakika 5 za mwanzo baada ya mpando mrefu ziwe za mchakamchaka tu, kwa sababu miguu iliyozoea kusukuma huwa mizito inapotakiwa kuzunguka. Baada ya hapo ongeza juhudi hadi kiwango cha maneno matano au sita kwa pumzi, na kishike. Panda vijimwinuko kwa hatua fupi bila kuzidisha pumzi, na kwenye miteremko midogo uachilie mwili uende badala ya kujizuia. Sasa ndipo unapoweza kumchagua mtu aliye mbele na kumkaribia polepole. Kama umefuata hatua ya 5 kwa uaminifu, utaanza kuwakuta waliokupita msituni.

Wanaotoka kwenye lami wana faida kubwa katika kipande hiki wakifika wakiwa wazima. Victor Kiplangat wa Uganda alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 huko Premana, Italia, kisha akawa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2023 huko Budapest. Mbio zake za milimani na za lami zilitegemea injini ileile. Anachohitaji kujifunza mtu wa lami ni kuisubiri sehemu yake.

Hatua ya 9: Badilisha kipimo unapoanza kushuka

Baada ya Nava pumzi haikuambii tena ukweli. Mapigo ya moyo hushuka, kifua hutulia, na mtu hudhani ana nguvu nyingi, kumbe kinachoamua sasa ni mapaja, vifundo vya miguu na macho. Sikiliza sauti ya nyayo zako. Zikianza kupiga ardhi kwa kishindo, mapaja yamechoka na yameacha kupokea uzito. Punguza mwendo kwa dakika mbili, ufupishe hatua, kisha uendelee.

Tua chini ya kiwiliwili chako, si mbele yake. Anayeegemea nyuma na kukanyaga kwa visigino hujifunga breki kwa kila hatua, na breki hizo ndizo zinazoyamaliza mapaja; tena huteleza kwa urahisi zaidi. Tazama mita 3 hadi 5 mbele, uache mikono itanuke kwa ajili ya mizani, na uongeze idadi ya hatua kuliko urefu wake. Mpaka Barneuza, kimbia ukibakiza kitu. Kutoka hapo njia hushuka zaidi ya mita 500 hadi Zinal, na sehemu yake ya mwisho ni kali kiasi kwamba mtu aliyefika na mapaja yaliyokufa hulazimika kutembea akishuka, jambo linaloumiza moyo kuliko kutembea akipanda.

Majeraha mengi hutokea hapa pia, kwa kuwa uchovu huyapunguzia macho umakini na nyayo haziinuki vya kutosha kuepa mizizi. Nafasi mbili au tatu katika orodha ya matokeo hazilingani na kifundo kilichovunjika.

Hatua ya 10: Mpango ukivunjika

Ukigundua Ponchette kwamba umekwenda kwa kasi mno, usiendelee kwa matumaini. Tembea dakika 5 hadi 10, kula gramu 25 za wanga, kunywa, kisha anza upya kwa mwendo wa sentensi nzima, na usogeze saa za vituo vilivyobaki kwa dakika 10. Uamuzi huo ukifanywa mapema hugharimu dakika 10. Ukifanywa Hoteli ya Weisshorn waweza kugharimu saa nzima.

Zipo dalili ambazo hazihusu tena mwendo bali uhai: maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, kupepesuka, baridi kali mwilini wakati jua linawaka, au kutapika kusikokoma. Simama, mwambie mkimbiaji aliye karibu, na usiondoke peke yako kijiani. Ukimkuta mwenzako katika hali hiyo, mbio zako zimesimama hadi apate msaada.

Hatua ya 11: Rekodi kabla hujasahau

Jioni ya siku hiyo, andika muda halisi wa kila kituo kando ya ule uliopanga, na useme kwa kila kipande ni kiungo gani kilichochoka kwanza. Linganisha tofauti badala ya muda wa jumla. Aliyefika Chandolin dakika 5 kabla ya mpango na Zinal dakika 25 baada yake anajua kwamba tatizo ni kipande cha kwanza, na mwaka ujao apunguze mita 40 au 50 kwa saa katika mpando. Aliyefuata mpango hadi Nava kisha akapoteza dakika 15 kwenye mteremko hahitaji kubadilisha mwendo wa kupanda hata kidogo. Anahitaji kurudi kwenye hatua ya 4. Na aliyefika kila kituo kwa wakati wake, akamaliza huku bado anaweza kuzungumza sentensi nzima, arudie jaribio la dakika 30 baada ya mwili kupumzika vya kutosha, kwa sababu huenda kikomo chake kimepanda na namba alizoandika hazimfai tena.